Mchele wa Kilombero ndani ya gunia lenye jina la wengine

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkulima wa mpunga wa Lipangalala, kata iliyo ndani ya mji wa Ifakara, msemo huo ni kweli nusu. Mchele wake ni mzuri na kweli unajiuza. Lakini ukishafika Dar es Salaam, mara nyingi unajiuza kwa jina la mahali pengine, na faida ya jina hilo hairudi Kilombero.

Nenda Tandale, Tandika au Kariakoo. Juu ya kila lundo la mchele kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Kyela, Kyela Supa, Mbeya namba moja. Chini yake bei. Kibao cha Morogoro nacho kipo, ila aghalabu utakikuta kwenye lundo la bei nafuu, lile analolikimbilia mama lishe. Sasa, Kyela ni wilaya ndogo kando ya Ziwa Nyasa. Wakulima wake wanastahili sifa zao zote kwa mchele wao wenye harufu nzuri. Hata hivyo, yeyote anayejua kujumlisha anaweza kujiuliza kama wilaya moja inaweza kujaza kila lundo lenye jina lake, kuanzia Dar es Salaam hadi Arusha, mwezi hadi mwezi. Haiwezi. Sehemu ya mchele huo imetoka Mbarali, sehemu imetoka Shinyanga, na sehemu nyingine ilipakiwa kwenye lori hapa hapa Ifakara.

Kile kipande cha boksi ni tangazo. Wengi wetu tukisikia neno tangazo tunafikiria redio, televisheni au mabango makubwa ya barabarani. Lakini maneno mawili juu ya lundo la mchele yanafanya kazi ile ile, tena kwa gharama ya kalamu tu. Yanamwambia mnunuzi afikirie nini kabla hajaonja.

Na kuonja ndiko kusikowezekana sokoni. Mnunuzi wa embe anaweza kulibonyeza, wa samaki anafunua mashavu aone damu. Mnunuzi wa mchele anaondoka na kilo tano ambazo ukweli wake ataujua jioni, sufuria ikishafunuliwa. Katika bidhaa ya namna hiyo ushawishi una nafasi kubwa mno, na wauzaji wetu wanaujua vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Muuzaji atachota mchele kiganjani, ataupuliza pumba kidogo, kisha ataupeleka karibu na uso wa mteja: "Nusa mwenyewe mama, huu Kyela mpya." Katika sentensi hiyo moja kuna jina la mahali, kuna harufu, kuna neno "mpya", na kuna heshima ya kumwachia mteja aamue mwenyewe. Hakuna chuo cha masoko kitakachomfundisha zaidi ya hapo.

Neno "mpya" linahitaji maelezo kidogo. Harufu ya mchele wetu hupungua kadiri unavyokaa ghalani, kwa hiyo anayeuza harufu ana sababu ya kusifu upya. Lakini mchele uliokaa miezi kadhaa huiva ukichambuka, punje moja moja, na wapishi wa pilau wanalijua hilo. Ndiyo maana basmati kutoka India na Pakistan husifiwa kwenye mfuko kuwa imehifadhiwa muda mrefu kabla ya kuuzwa. Nafaka ni ile ile. Huku inasifiwa kwa ujana, kule kwa uzee, na pande zote mbili zinasema kweli. Tangazo zuri la chakula si lazima liwe uongo. Linachagua ukweli mmoja kati ya mingi na kuusema kila siku mpaka mnunuzi ausahau mwingine.

Hapa ndipo Kilombero ilipoachwa nyuma: haijachagua ukweli wake.

Tuanze na nyumbani, maana lawama zote tukizipeleka Tandale tutakuwa tunajidanganya. Mkulima wa Lipangalala akivuna, mpunga wake hupimwa kwa debe au kwa gunia, na gunia lenyewe likiwa lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku mara nyingi na bado ipo. Mnunuzi hamuulizi mbegu gani. Akiuliza, ni kwa ajili ya kushusha bei. Kisha mpunga unakwenda mashineni, ambako Supa ya huyu inakobolewa baada ya SARO ya yule, na inayobaki ndani ya mashine inachanganyika na inayofuata. Chenga hazitolewi au zinatolewa nusu. Mchele unaotoka hapo ni chakula kizuri, lakini hauna jina linaloweza kuandikwa juu yake kwa dhamiri safi.

SARO 5 yenyewe, ambayo wataalamu huiita TXD 306, ni mbegu iliyotokana na kazi ya watafiti wetu, na kituo cha utafiti cha KATRIN hapa Ifakara, ambacho sasa kiko chini ya TARI, kina sehemu kubwa katika historia hiyo. Ilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 2002. Inazaa kuliko Supa, inakomaa mapema na haianguki ovyo. Harufu inayo kiasi, si kama ya Supa. Mkulima anayetaka magunia mengi anafanya vizuri kuipanda. Kosa linaanza pale mfanyabiashara anapochanganya mbili hizo na kuuza kama Supa tupu. Mteja anayepika mchele huo hatasema "leo nimeuziwa mchanganyiko". Atasema mchele wa Morogoro haunukii.

Na hilo ndilo tangazo lenye nguvu kuliko yote, neno la mama jikoni kwa jirani yake. Halilipiwi, na halifutiki kwa bango.

Jambo litakalowashangaza wasomaji wetu wengi ni kwamba jina Kilombero lina thamani kubwa, ila si hapa nchini. Vuka Mto Songwe uingie Malawi, ufike Karonga. Huko mchele unaopendwa kwa harufu na ladha unaitwa Kilombero. Ni jina la mbegu, na jina lenyewe linatosha kuonyesha bonde gani liliikopesha. Wamalawi hawakuliiba, mbegu husafiri na watu, na wakulima wa Karonga wameilima na kuitunza wenyewe. Lakini walichofanya baadaye ndicho tunachotaka wafanyabiashara wa Ifakara wakisome kwa makini.

Kupitia chama cha wakulima wadogo wa Kaporo, huko Karonga, mchele huo uliuzwa mpaka Scotland. Kampuni ya biashara ya haki ya Just Trading Scotland, ya mji wa Paisley, iliuweka kwenye mifuko midogo yenye jina Kilombero. Mnunuzi wa Scotland hajui Supa wala SARO, na mchele wa bei rahisi umejaa madukani kwao. Kwa hiyo hawakumshawishi kwa bei. Walimwambia jambo moja: mkulima wa Malawi akiuza kilo 90 za mchele anapata fedha za kumsomesha mtoto sekondari kwa mwaka mmoja. Wakazitangaza kilo 90 kama changamoto. Shule na makanisa ya Scotland yakajitolea kuuza kilo 90 kila moja.

Tazama ufundi uliomo. Kilo 90 ni namba ambayo mtu anaweza kuibeba kichwani. Haisemi "saidia Afrika", maneno ambayo masikio ya Ulaya yameyachoka. Inampa mnunuzi kazi yenye mwisho, na inamfanya mwanafunzi wa huko awe muuzaji bila mshahara. Mchele wenyewe ukabaki kuwa mchele. Kilichouzwa juu yake ni hadithi ya kweli yenye kipimo.

Katika kila mfuko uliouzwa hivyo, jina la bonde letu lilisomwa na watu ambao huenda mpaka leo wanaamini Kilombero ni mahali fulani Malawi.

Hatusemi Ifakara ikimbilie Scotland. Soko la kwanza la mchele wetu ni Dar es Salaam, na la pili ni majirani. Ukivuka Namanga kwenda Nairobi, mchele wetu hubatizwa tena; wafanyabiashara wengi huuita pishori wa Tanzania, jina lililojengwa na wakulima wa Mwea, na wengine huuchanganya kabisa na ule wa Mwea. Kila mpaka unaovukwa, jina jipya. Mzalishaji ni yule yule anayesubiri bei ya debe.

Wapo wanaosema jina la mahali halina maana, kwamba mteja anajali bei tu. Kahawa inawakanusha. Nchini Japan, kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa Mbinga au Mbozi, mbali kabisa na mlima. Inaelezwa kwamba jina hilo lilipata umaarufu baada ya filamu ya Marekani ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuonyeshwa huko. Kanuni za biashara za Japan zinataka kahawa iliyochanganywa iwe na angalau asilimia 30 ya kahawa ya Tanzania ndipo iitwe Kilimanjaro. Yaani mlima umeingia kwenye kikombe kwa theluthi moja hivi, na bado unauza kikombe kizima. Waethiopia nao walipoona majina ya Yirgacheffe, Sidamo na Harrar yanaongeza bei kwenye maduka ya Marekani, waliomba kuyasajili huko mwaka 2005. Wakavutana na Starbucks mpaka wakafikia makubaliano mwaka 2007. Serikali haivutani kwa miaka miwili kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana msomaji wetu ni mkulima na mchuuzi, si mshairi. Jina lina faida, lakini jina lina gharama, na wengi wanaohubiri "ongezeni thamani" huitaja faida pekee. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia. Kila mmoja aweke za kwake.

Gunia la kilo 100 za mpunga limetoa kilo 62 za mchele. Ukitaka kuweka jina juu yake ni lazima utoe chenga, tuseme kilo 10, unabaki na kilo 52 safi. Chenga utaziuza kwa Sh400 pungufu kwa kilo. Hapo umepoteza Sh4,000. Kiroba kilichochapwa cha kilo 25, kama ni Sh1,000, ni Sh40 kwa kila kilo, yaani Sh2,080 kwa kilo 52. Jumla ya gharama ni Sh6,080 kwa gunia. Jina likikuongezea Sh100 kwa kilo, unapata Sh5,200. Umepata hasara ya Sh880, na bado hujalipa kibarua wa kushona kiroba. Likikuongezea Sh200, unapata Sh10,400, na baada ya kutoa gharama unabaki na Sh4,320. Mpaka wa faida na hasara katika mfano huu uko karibu na Sh117 kwa kilo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mkulima mmoja mwenye magunia 20 asithubutu kuchapisha viroba peke yake. Mteja wa Dar es Salaam hawezi kulipa Sh200 zaidi kwa jina aliloliona mara moja na kesho yake hakuliona tena. Kinachomfanya alipe ni kulikuta lile lile, lina ladha ile ile, Julai na Januari. Kampuni za soda zimeelewa hili tangu zamani. Tazama maduka ya vijijini kwetu, kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba, yaliyopakwa rangi za soda au za mitandao ya simu bila mwenye duka kulipa hata senti. Rangi ile haisemi lolote la maana kuhusu soda. Inarudiwa tu. Na soda unayokunywa Mlimba haina tofauti na ya Posta. Kurudiwa kwa rangi kunakwenda sambamba na kurudiwa kwa ladha. Ukiondoa la pili, la kwanza ni hasara tupu.

Kwa hiyo kazi hii ni ya chama cha ushirika au ya kikundi cha wenye mashine, si ya mtu mmoja. Skimu za umwagiliaji kama Mkula na Njage tayari zina wakulima waliozoea kukaa pamoja na kugawana maji. Kugawana jina si kugumu kuliko kugawana maji, na huenda kukawa na ugomvi mdogo zaidi. Wakikubaliana kupanda mbegu moja katika eneo moja na kukoboa kwa siku zilizotengwa, watakuwa na mchele unaostahili kuandikwa. Na kiroba kiseme mambo matatu ambayo mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho: mbegu, msimu wa mavuno, na mashine ulikokobolewa. SARO iandikwe SARO. Kuna wanunuzi wengi wa SARO, hasa migahawa, ambao wangefurahi kuipata ikiwa safi bila kuvishwa kanzu ya Supa.

Upande wa sheria, silaha zipo kuliko zinavyotumika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu hilo. Tumezoea kuiona tume hiyo ikiteketeza betri na dawa za viatu za bandia. Gunia linaloandikwa Kyela wakati halijawahi kuiona Kyela ni bandia vile vile, na anayeibiwa ni mkulima wa Kyela pamoja na wa Lipangalala kwa wakati mmoja. TBS, ambao tangu mwaka 2019 wamechukua pia kazi za usalama wa chakula zilizokuwa za TFDA, wanashughulikia ubora, na mjasiriamali mdogo anaweza kuwafikia kupitia SIDO. Nembo husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986.

Lakini kuna pengo. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya nembo za wafanyabiashara, si kwa ajili ya majina ya mabonde. Zanzibar ilipotunga sheria yake ya mali za viwandani mwaka 2008 iliingiza ulinzi wa majina ya asili ya bidhaa, ikiwa na karafuu akilini. India nayo iliisajili basmati kwa namna hiyo mwaka 2016, baada ya kuona kampuni ya RiceTec ya Texas ikipewa hataza mwaka 1997 kuhusu mchele wa aina ya basmati na kulazimika kupambana nayo mpaka madai makuu yakaondolewa. Kyela, Kilombero na Mbarali wana sababu ile ile ya kutaka ulinzi wa namna hiyo, na wabunge wa majimbo hayo wangeweza kuusukuma kwa pamoja badala ya kila mmoja kuomba daraja lake.

Tahadhari moja kabla hatujaondoka. Kuna ushawishi wa njia ya mkato, nao ni wa kutisha watu. Mwishoni mwa mwaka 2016 forodha ya Nigeria ilikamata magunia ya mchele jijini Lagos na kutangaza kwamba ni wa plastiki. Vipimo vya mamlaka ya chakula ya nchi hiyo vikaonyesha kwamba haukuwa plastiki, ingawa ulikuwa na vimelea. Uvumi haukusubiri vipimo. Video zilifika mpaka kwenye simu za Ifakara, na wapo wachuuzi waliozitumia kuwaambia wateja wanunue mchele wa nyumbani kwa usalama wao. Waliuza kwa wiki chache. Mteja aliyefundishwa kuogopa mchele hata hivyo haogopi wa nje pekee. Anapoona punje zimeng'aa kupita kiasi kwenye gunia lako, ataukumbuka mdomo wako mwenyewe.

Tunatambua pia hofu ya wakulima kwamba jina likipanda bei, faida itaishia kwa mwenye lori. Hofu hiyo ina msingi. Kama kiroba kinachapishwa Dar es Salaam na kujazwa Dar es Salaam, ndivyo itakavyokuwa, na mkulima wa Lipangalala ataendelea kuuza debe. Ndiyo maana mahali pa kujaza na kushona kiroba ni muhimu kuliko mchoro ulio juu yake. Halmashauri ya Mji wa Ifakara hukusanya ushuru wa mazao kila msimu. Sehemu ya ushuru huo ikilipia mashine ya kutenganisha chenga katika ghala moja la ushirika, lenye mizani inayokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kikundi kitaweza kumwonyesha mnunuzi wa Tandale kiroba kilichofungwa hapa, na kudai bei yake kabla lori halijawasha moto.

Mavuno ya bondeni huanza Mei. Viroba vilivyochapwa havipatikani kwa siku mbili, na kikundi kinachotaka kuuza kwa jina lake Julai kinatakiwa kiwe kimeshakubaliana mbegu kabla ya mvua za kupandia.